Bastola Chini ya Mkorosho

Mzizi ulikuwa umepita katika tundu la kufyatulia, palepale ambapo zamani kilipita kidole cha mtu. Hicho ndicho nilichokiona kwanza kwenye picha, hata kabla ya bastola yenyewe: mzizi mwembamba wa mkorosho, wenye rangi ya tumbaku, umeingilia upande huu ukatokea upande wa pili, kisha ukanenepa humo ndani mwaka baada ya mwaka mpaka chuma na mti vikaumana. Mkorosho wenyewe ulikuwa ajuza, umeacha kuzaa, ukang'olewa katika shamba moja ng'ambo ya Maneromango, wilayani Kisarawe, ili mahali pake ipandwe mihogo. Kisiki kilipopinduliwa mizizi juu, kikatoka na silaha. Mpwa wangu, ambaye kazi yake iko Kibaha na shamba lake liko Kisarawe, kama ilivyo kwa watu wengi wa mkoa huu wa Pwani, akaipiga picha kwa simu na kunitumia, na chini ya picha akaandika: "Shikamoo mjomba. Hii yaweza kuuzwa shilingi ngapi?" Sijajibu, akaongeza: "Wazee wanasema ni ya Mjerumani."

Kwetu, kila kitu ambacho hakuna aliye hai aliyekiona kikiwekwa ni cha Mjerumani. Mwembe mkubwa kuliko nyumba ni wa Mjerumani, kisima kilichojengewa mawe ni cha Mjerumani, kaburi lisilo na jina porini ni la Mjerumani, na kipande cha chuma kilichochomoza kando ya reli kule Soga au Ruvu nacho hupewa yeye. Mjerumani alikaa miaka thelathini na kitu tu, lakini ukisikiliza masimulizi ya barazani utadhani hakulala hata usiku mmoja, alikuwa akizika vitu. Imani hiyo ina biashara yake. Wapo watu wanaozunguka vijijini wakiulizia rupia, wakinong'ona habari za sanduku lililofukiwa chini ya mti fulani, na wapo waliouza ng'ombe ili kulipia ramani ya sanduku hilo. Ajabu ni kwamba uongo huo umeota juu ya ukweli mdogo. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na fedha zimewaishia, Wajerumani walipiga pale Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga. Zilitoka sarafu zipatazo 16,000, na mpaka leo wakusanyaji wa dunia wanazigombania. Kwa hiyo mpwa wangu hakuwa mjinga alipouliza bei. Aliuliza swali ambalo pwani nzima huliuliza kila jembe linapogonga kitu kigumu.

Wanaoshughulika na silaha za kale wana maswali mawili, na huyauliza kwa mpangilio uleule: imetoka wapi, na ni ya kiasi gani. La pili hulishika la kwanza mkono. Mimi nilianza na onyo: asiiguse tena, kwa sababu risasi ya kale hulala, haifi. Kisha nikamwomba aipige picha nyingine pale pale chini ilipo, asubuhi, jua likiwa bado liko chini, mwanga uijie ubavuni ili kila mkwaruzo ujazwe kivuli. Ndipo chuma kikaanza kusema. Ni bastola ya silinda, ya mtindo wa miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mbao za mpini zimeliwa na mchwa, umebaki mfupa wake. Chini ya mpini ipo pete ya kufungia kamba, ili silaha isimponyoke mtu aliye juu ya farasi au aliye ndani ya mtumbwi. Na kwenye silinda, pakiwa pamesuguliwa, pana duara la umbo la yai, dogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake herufi tatu, E, L na G, na nyota chini yake. Hiyo ni alama ya Liège, mji wa Ubelgiji. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hiki kiliundwa huko, kando ya mto Meuse, katika mji ambao mafundi wake wengi walifanyia kazi majumbani mwao, huyu akichonga mtutu, yule silinda, mwingine mpini, na tajiri akivikusanya vipande na kuvipeleka duniani kote kulikokuwa na mtu wa kununua.

Alama hiyo haimtaji fundi. Ni muhuri wa nyumba ya ukaguzi, na Liège imekuwa na ukaguzi wa namna hiyo tangu mwaka 1672. Silaha hujazwa baruti kupita kiasi, hufungwa mahali pake, na mtu hujikinga nyuma ya ukuta akaifyatua. Ikipasuka, hutupwa. Ikistahimili, hupigwa muhuri. Muhuri basi ni kiapo: chuma hiki hakitamlipukia mwenye kukishika. Nimekaa sana na kiapo hicho. Ni kiapo cha haki, na vidole na macho mengi yameokolewa nacho. Lakini tazama kimeelekea wapi. Kinamwangalia aliye nyuma ya mpini. Aliye mbele ya mtutu hakutajwa, na katika elimu nzima ya silaha za kale, yenye vitabu vya mihuri, orodha za namba, majina ya viwanda na ya maofisa waliovaa silaha hizo kiunoni, huyo wa mbele ni nadra kumkuta, isipokuwa kwa sharti moja nitakalolifikia.

Mwaka 1893 watu wa Liège waliongeza kitu kidogo juu ya lile duara: taji. Kwa anayetafuta asili ya bastola ya namna hii, taji hilo ni mlango. Likiwapo, silaha ilikaguliwa mwaka huo au baadaye. Lisipokuwapo, ilikaguliwa kabla. Juu ya duara la bastola ya Maneromango pana doa linalong'aa, basi. Mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaisugua kwa msasa na mafuta ya taa kabla ya kunitumia ujumbe, maana kitu cha kuuza husafishwa, na kizuri chajiuza. Alipoona herufi zinajitokeza akaacha. Herufi zikasalimika, kilichokuwa juu yake, kama kilikuwapo, kikaenda na vumbi la kutu. Nikabaki na bastola mbili katika chuma kimoja, moja yenye taji na moja isiyo nalo, na kila moja ina njia yake ya kufika Uzaramo.

Isiyo na taji inakuja kwa dau, kutoka Unguja. Katika miaka ya 1880 Zanzibar ilikuwa ghala la silaha la Afrika Mashariki. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili bunduki, yakiacha za kushindilia na kushika za kupakia kwa nyuma, kisha za magazini, na kila kilichotupwa huko kilipata mnunuzi huku. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza pale Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kwa njia ya pwani hii. Zilibadilishwa kwa pembe, kwa watumwa, na kwa ruhusa ya kupita. Wazaramo, ambao nchi yao ilikuwa kizingiti kati ya bahari na bara, walizoea kutoza hongo misafara, na hongo haikuwa kaniki peke yake. Kisha ikaja Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ya Wabenedikto katika vilima vya Pugu, jirani na Kisarawe, ikavamiwa. Watawa watatu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mpaka wakakombolewa. Hapo ndipo akili ya dalali inapoamka. Bastola ya Ulaya, ya miaka hiyohiyo, imefukuliwa katika wilaya hiyohiyo ya vilima! Ningeandika mistari mitatu tu yenye "huenda" mbili na "yasemekana" moja, na chuma cha kuuzwa kwa kilo kingegeuka masalia ya Pugu. Bei nyingi za minadani zimezaliwa kwa mistari ya namna hiyo. Lakini kutoka Pugu hadi Maneromango ni mwendo wa mchana mzima kwa miguu, na hakuna kinachofunga vijiji hivyo viwili kwa bastola hii ila tamaa ya msimulizi.

Yenye taji inakuja kwa njia nyembamba zaidi. Julai 1890 mataifa yalitia saini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake vikawekwa vifungu vya silaha: kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake, silaha za kisasa zisiuzwe kwa watu wa nchi hizo. Waachiwe bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida ya biashara. Kilichozidi hapo kiwekwe katika maghala ya serikali, kipigwe alama, kiandikwe daftarini, kishikwe na yule tu ambaye serikali inamwamini. Sababu iliyotajwa ilikuwa watumwa, na ilikuwa sababu ya kweli. Siwezi kuwabeza waliochoka kuona minyororo. Ila karatasi ileile ilihakikisha pia kwamba katika kugawana bara upande mmoja utakuwa na silaha za kurudia na upande mwingine utabaki unagonga jiwe. Kwa hiyo kama taji lilikuwapo, bastola hii ilifika baada ya mlango kufungwa, na mwenyewe alikuwa mlowezi, au mhandisi wa reli iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikapita Soga na Ruvu na kufika Morogoro mwaka 1907, au mwindaji wa tembo, au askari aliyeiokota, au Mwafrika aliyeamua kwamba mambo ya Brussels hayamhusu. Huyo wa mwisho ndiye ninayempenda, na kwa sababu hiyohiyo simwamini.

Mkataba ule umekufa zamani, lakini mtoto wake yu hai huku vijijini, naye ni gobore. Mwenye shamba la mihogo kandokando ya msitu wa Kazimzumbwi anamjua nguruwe kuliko anavyomjua diwani, na gobore ndilo lililokuwa jibu la babu yake. Hujazwa kwa mdomo, hushindiliwa, huwekwa fataki, na baada ya mlio mmoja mwenyewe hubaki na fimbo nzito mkononi. Gobore la kienyeji halina muhuri. Fundi mhunzi hulitengeneza kwa bomba alilolipata, na ukaguzi wake ni bega la mteja. Hakuna mnada wa dunia utakaolipangia bei, kwani halina namba, halina mwaka, halina jina la kiwanda. Na bado ukiniuliza ni silaha gani iliyolisha watu wengi zaidi kati ya Mzenga na Vikumburu, sitataja ya Liège.

Tena silaha na mkono si lazima viwe vya taifa moja. Askari wa Kijerumani wa nchi hii waliingia vita vya 1914 wengi wao wakiwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo kila risasi ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui pa kulenga. Miaka minne baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wao, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala, nchini Zambia, alikabidhi bunduki 1,071, na bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Mjerumani lilikuwa limekula silaha za adui zake mpaka likafanana nao. Ukiyajua hayo, unarudi kwa wazee wa Maneromango kwa unyenyekevu. Waliposema ni ya Mjerumani hawakusema imeundwa na nani. Huenda walisikia kwa wazazi wao ilikuwa kiunoni mwa nani, na hilo halikuandikwa kwenye silinda.

Sasa bei. Nilimpa mpwa wangu jibu fupi ambalo hakulipenda: kwa mkusanyaji wa Ulaya au Marekani, bastola ya Liège isiyo na jina la fundi, iliyoliwa na kutu, bila mbao za mpini, ni kitu cha kuwekwa kwenye sanduku la vipuri. Zilitengenezwa nyingi mno. Thamani hutaka uchache, hutaka uzima wa kitu, na zaidi ya vyote hutaka karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa silaha methali hii ni sheria ya soko. Aprili 1840 merikebu ya Seyyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na karafuu, pembe, tende na kahawa. Ilipoondoka mwezi Agosti ilibeba zawadi za serikali ya Marekani kwa Sultani, zikiwamo bastola na bunduki za kurudia za Colt, kiwanda ambacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka minne na kilichofilisika miaka miwili baadaye. Bastola moja ya kiwanda hicho cha kwanza cha Colt, ikiwa ndani ya sanduku lake, iliuzwa Marekani Septemba 2011 kwa dola 977,500. Zawadi ya Sultani unaweza kuisoma bila kuiona, kwani makarani wa Washington waliiandika. Ya Maneromango unaweza kuiona na kuishika, kama huogopi sheria, na usisome kitu.

Lakini ipo bastola iliyoizidi kwa bei hata ile Colt ya sandukuni, tena kwa mbali, na haina nakshi wala dhahabu. Agosti 2021, Los Angeles, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza Colt moja, ya aina ya mwaka 1873, namba 55093, kwa dola 6,030,312. Ndugu zake walitengenezwa kwa mamia ya maelfu. Aliyeitumia, Pat Garrett, hata hakuinunua. Alimnyang'anya mhalifu mmoja aliyemkamata. Kilichopandisha bei ni usiku mmoja, tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, ilipomuua kijana aliyejulikana kama Billy the Kid. Mnunuzi hakulipia chuma, na hata Garrett hakumlipia sana. Alilipia maiti yenye jina. Hilo ndilo sharti nililoliahidi: katika elimu ya silaha za kale, aliye mbele ya mtutu huingia kwenye hesabu akiwa maarufu. Hapo ghafla yeye ndiye anakuwa mali, na silaha inakuwa karatasi yake.

Nikalichukua sharti hilo nikalileta Uzaramo. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamba ya kulimwa kwa lazima, na wilaya ya Dar es Salaam, ambayo ndani yake mlikuwamo Uzaramo, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuonja. Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba na vita vya Majimaji vikaanza. Mwezi uliofuata vikagusa huku. Kibasila, kiongozi wa Kisangire, akanyongwa, na leo jina lake limebandikwa kwenye ubao wa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, wanafunzi wakilitamka kila siku pasipo kuulizana. Mwaka 1968, John Iliffe na Gilbert Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituma wanafunzi vijijini kuwauliza wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Hesabu zilizopo ni hizi: Wajerumani wenyewe walikadiria Waafrika 75,000 waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata, Gwassa aliona ni kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliouawa walikuwa 15. Hao 15 wana majina, vyeo na tarehe. Tofauti kati ya makadirio mawili ya Waafrika waliokufa ni zaidi ya watu laki moja na nusu, yaani umma mzima ambao hatujakubaliana hata kama walikuwapo.

Basi chukua bastola mbili za 1905, pacha, za kiwanda kimoja. Moja imempiga risasi mmoja wa wale 15, na karatasi ipo. Nyingine imewapiga watu ambao nyumbani kwao walikuwa baba na wajomba, na karatasi haipo. Ya kwanza itagombewa. Ya pili itaitwa kuukuu. Soko halina chuki katika jambo hili. Linafuata daftari, na daftari lilikuwa mkononi mwa mtu aliyeshika mpini. Ninachokataa ni sisi kulichukua daftari hilo na kulifanya letu, tukaokota chuma kilichotulenga na kuuliza jina la kiwanda.

Najua kwamba mkoa wetu hauwezi kuitazama bastola kwa macho ya mpenda sanaa. Si zamani sana, Aprili 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa risasi kule Jaribu Mpakani, Kibiti, na kwa miezi kadhaa kabla na baada ya hapo wenyeviti wa vijiji na watendaji waliuawa mmoja mmoja majumbani mwao na njiani. Mtu aliyeishi Pwani miaka ile akisikia "silaha imefukuliwa shambani", hawazi mnada. Sheria nayo haina mzaha: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtu nafasi ya kukaa na bastola bila kibali, awe ameirithi au ameiokota. Wakusanyaji wa Marekani wana mpaka wao, silaha iliyotengenezwa kabla ya 1899 kwao ni ya kale. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo ina mpaka: masalia ni yale yaliyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa mpaka huo vita vyetu vyote vikubwa na wakoloni, vya Abushiri, vya Mkwawa, vya Majimaji, vimeachwa nje ya mlango kwa miaka ishirini na kitu hadi arobaini na kitu, na bastola ya Maneromango, yenye taji au isiyo nalo, ni changa mno kuwa ya kale na ni ya kale mno kuwa silaha.

Mpwa wangu alimwita mwenyekiti wa kijiji, polisi wakaja, wakaichukua pamoja na kipande cha mzizi, akapewa karatasi inayosema bastola moja kuukuu. Karatasi hiyo ni halali na nimemwambia aitunze. Hatima ya kawaida ya silaha zilizokusanywa namna hii ni moto. Kenya iliteketeza 5,250 kwa siku moja, Novemba 2016, kule Ngong, na sioni kosa. Dunia haikupungukiwa na bunduki. Lakini kabla gari la polisi halijaondoka, bibi mwenye shamba, ambaye umri wake ameacha kuuhesabu, alisema neno ambalo hakuna mahali pa kuliandika kwenye fomu. Alisema mama yake alikuwa akiwakataza kulima pale. Hakuwaambia sababu. Baba yake alipopanda mkorosho, aliupanda ili pasilimwe, wala hakutaka korosho zake.

Hiyo ndiyo asili pekee ya bastola hii iliyotoka upande wa mbele wa mtutu, na ilibaki kidogo tu iondoke na vumbi la gari. Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni la kweli. Mwenye chuma cha namna hii ndani, kiwe gobore la babu darini au kitu kilichofukuliwa, asikisugue, asikiuze, asikitie mkobani kukizungusha kwa madalali wa Kariakoo. Amwite mwenyekiti, akisalimishe. Kabla ya hapo amkalishe mkubwa wa nyumba, aandike maneno yake kwenye daftari la kawaida la shule, na nakala aipeleke Makumbusho ya Taifa. Na wanaotengeneza fomu za kupokelea silaha, chini ya mistari ya aina, namba na hali ya chombo, waongeze mstari mmoja wa kujaza kwa kalamu: ilimlenga nani.